Kata Lupepo

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi ya kutoa nishani, Lupepo ilikuwa na umeme. Ilionekana kwenye ramani ya gridi iliyofunika ukuta mzima nyuma ya jukwaa la ukumbi wa mikutano wa Mbeya. Kila kata ya kusini ilikuwa pande la mwanga wa manjano, na Lupepo, juu kabisa upande wa milimani, iliwaka sawa na jirani zake. Mhandisi Atuganile Mwasumbi aliitazama hiyo kwanza, kabla ya viti, kabla ya maua, kabla ya jina lake mwenyewe lililotundikwa juu ya jukwaa kwa herufi zenye urefu wa mtu.

Aliitazama mara ya pili. Bado iliwaka. Ndipo alipoingia chumba cha nyuma kuvalishwa kipaza sauti.

Aliyemsubiri humo alikuwa Bi. Mwanakheri Shaame, Mpemba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mtaalamu wa sauti wa Mamlaka ya Gridi. Ndiye aliyeifundisha Kinga, mfumo wa kompyuta unaolinda gridi, kusikia Kiswahili.

"Simama sawa, Mhandisi. Shingo umeikaza kama ng'ombe anayesukumwa kwenye josho."

"Matokeo yametoka?"

"Nami sijambo, ahsante. Watoto hawajambo."

"Bi. Mwanakheri, tafadhali."

"Yametoka." Alibana kipaza kwenye kola ya koti la Atuganile, chini kidogo ya kidevu. Kilikuwa kidogo kama kifungo. "Taa nyekundu, kimelala. Taa ya kijani, Kinga inakusikia. Sasa hivi ni nyekundu. Nitakifungua nikiambiwa, ukifika pale pa kuwasha kituo kipya. Utasema 'washa', watu watapiga makofi, nitakifunga. Wewe mwenyewe hutaiona taa, iko chini ya kidevu chako, kwa hiyo usijisumbue kuinama mbele za wageni."

"Matokeo, Bi. Mwanakheri."

Mpemba yule alishusha pumzi, akavuta kiti, akakaa. Alivaa miwani ingawa hakuwa na kitu cha kusoma.

"Nimeisikiliza sauti yako mpaka mume wangu ameniuliza huyu mwanamke ataondoka lini nyumbani kwake. Nimeipitisha kwenye mashine. Nimeipitisha kwenye masikio yangu, ambayo nayaamini zaidi. Sina jibu."

Atuganile aliinyoosha kola ya koti lake. Hakuwa mtu wa kusema neno pale ambapo kipimo hakijasema.

*

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba kulieleza kwa sauti kulimfanya mtu aone aibu.

Kinga ililinda mitambo ya jotoardhi na nyaya zote za kusini dhidi ya wavamizi wa mbali, wale wasiokanyaga nchi wanayoishambulia. Ilikuwa na haraka kuliko binadamu yeyote, lakini sheria iliifunga mkono mmoja: haikuruhusiwa kuwakatia watu umeme bila neno la mtu. Mtu huyo, kwa cheo, alikuwa Mkuu wa Ulinzi wa Nishati, naye ndiye Atuganile. Neno la agizo hapo mwanzo lilikuwa "tenga". Majaribio yakaonyesha kwamba mtu aliyeshtuka hasemi "tenga". Husema "kata". Kwa hiyo Atuganile mwenyewe aliagiza neno "kata" liingizwe, na kwa kuwa mashambulizi yalizidi kuwa ya kasi, akaagiza pia Kinga isingoje sentensi iishe. Isikie "kata", isikie jina la mahali, ikate. Kwa kazi hiyo alipewa heshima yake ya kwanza, ushirika wa juu wa Baraza la Wahandisi.

Mtu aliuliza wakati ule kuhusu kata zenyewe, yaani zile zenye diwani na ofisi ya mtendaji. Jibu lilikuwa rahisi. Mtu husema "Kata ya Lupepo". Hiyo "ya" hukaa katikati, nayo Kinga ikiisikia hutulia. Jibu lilikuwa sahihi kwa Kiswahili cha vitabuni. Halikuwa sahihi kwa Kiswahili cha chumba cha udhibiti, ambako watu waliotaja kata kutwa kucha walikuwa wameidondosha "ya" miaka mingi. Kata Lupepo imeshuka. Kata Isyonje iko juu. Hakuna aliyejisikia akiidondosha.

Mchana mmoja wa Aprili, wavamizi waliziteka mita za umeme za nyumba zote za Lupepo. Hawakuzima kitu. Walifanya majiko na mitungi ya maji moto viwake na kuzimika kwa mapigo mamoja, na mitambo ya jotoardhi ikaanza kuyumba kwa mapigo yaleyale, kama daraja la kamba linalopitiwa na watu wanaokanyaga kwa pamoja. Mikoa sita ilikuwa inaelekea gizani. Atuganile aliinuka kitini, kipaza cha Kinga kikiwa wazi kolani. Akasema: "Kata Lupepo, i—"

Lupepo ikazimika. Mitambo ikatulia. Chumba kizima kikalipuka kwa vifijo, na chochote kilichotaka kuifuata ile "i" hakikusikika, hata na mwenye mdomo.

Katika kituo cha afya cha Lupepo, mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya oksijeni alifariki kabla ya jenereta kuwashwa.

Tume ya uchunguzi ilimuuliza Atuganile swali moja tu la maana. Je, uliamua? Alijibu kwamba aliamua. Siku ile aliamini hivyo. Baada ya wiki kadhaa, akiwa anapiga mswaki, alijisikia akiimalizia ile sentensi kichwani, nayo haikuwa amri. Ilikuwa: Kata Lupepo ina kituo cha afya? Swali lisilo na "je", kama watu wanavyouliza. Tangu hapo hakujua lipi ni kumbukumbu na lipi ni jambo alilojitungia.

*

"Mtu akiamuru," alisema Bi. Mwanakheri, "sauti hupanda kwenye 'ka', halafu inashuka. Akitaja jina la kata, uzito unahamia kwenye 'pe' ya Lupepo. Wewe hukupanda vya kutosha, wala hukushuka vya kutosha. Umekuwa kama mtu aliyeitwa akiwa katikati ya ngazi."

"Na ile 'i'?"

"Ile 'i' nayo ni fitina tupu. Inaweza kuwa 'ina kituo'. Inaweza kuwa 'isije ikatuangusha'. Ni irabu moja, Mhandisi. Haina kitambulisho."

"Kinga yenyewe ilipima vipi?"

"Iliona ni amri. Kwa tofauti ndogo mno. Ungekohoa katikati ingeona vingine." Alivua miwani. "Nikwambie kitu? Swali lako si la sauti. Waniuliza mimi nikwambie ulikuwa wawaza nini. Hayo hata mume wangu haniulizi."

Atuganile alicheka kidogo, bila furaha. "Nikisimama pale nikasema sijui?"

"Basi ukisimama pale, nakuomba jambo moja. Sema 'Kata ya Lupepo'. Itamke 'ya' yako wazi, kila mara. Kipaza kitakuwa kimelala, lakini mazoea ni mazoea."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Aliyeingia alikuwa Dk. Kihwelo, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, suti ya kijivu, marashi mengi, simu mbili mkononi.

"Mama Mwasumbi! Mbona uko huku kama bibi harusi anayetaka kutoroka? Watu wamejaa. Akina mama wamevaa kanga zako."

"Kanga zangu?"

"Hujaziona? 'Kata Lupepo, Taifa Liwake.' Zimeisha sokoni. Mwanangu wa kike amemwacha mchumba wake juzi, akaniambia, baba, nimemkata Lupepo. Umeingia kwenye lugha, mama. Nishani ni ya leo tu, lugha haifi."

"Mkurugenzi, kuna mtu alifariki katika kata hiyo."

Dk. Kihwelo alizitia simu mfukoni. Alimwangalia Bi. Mwanakheri, naye akachukua mkoba wake akatoka bila kuambiwa.

"Najua unataka kusema nini," alisema Dk. Kihwelo, sasa kwa sauti ya chini na isiyo na mchezo. "Umeniambia mara mbili. Nami nakujibu vilevile. Ukisema hukuamua, maana yake Kinga ilikata bila neno la mtu. Sheria iko wazi, inazimwa leo leo. Waliotuvamia Aprili hawajafa. Wanangoja. Mikoa sita, mama. Hospitali ngapi?"

"Na nikisema niliamua, neno linabaki kama lilivyo. Mchana huu unatia saini kuifunga Kinga mikoa ya kaskazini na kwa jirani zetu. Nao wana kata. Nao wanadondosha 'ya'."

"Tutalirekebisha taratibu, kimyakimya, wiki ijayo."

"Kwa sababu gani tutakayoiandika?"

Dk. Kihwelo aligeukia mlango. Alitazama saa. "Wewe ni mtu wa ukweli wa vipimo. Basi nipe kipimo. Una hakika kwamba hukuamua?"

"Sina."

"Basi huna cha kusema." Alimfungulia mlango. "Twende."

*

Kwenye ujia wa kuingilia ukumbini, mzee mmoja mwembamba alikuwa amesimama peke yake, kofia mkononi, akisoma majina ya milango. Atuganile alimtambua kutokana na picha za tume. Alikuwa Ambakisye Mwaisaka, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mgonjwa wa Lupepo alikuwa mke wake, Tumpale. Mamlaka ilimwalika akae safu ya mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu kidogo, masikio haya nimewapa wanafunzi miaka arobaini, wakayamaliza." Alimshika mkono, hakuuachia. "Nilitaka kukuona kabla hawajakuvisha hayo madude. Nimekuja kukushukuru."

Atuganile aliinamia sikio la mzee. "Kunishukuru, Mwalimu?"

"Watu wananishangaa. Kijana wangu hanisemeshi tangu nikubali mwaliko. Lakini mimi siku uliposema mbele ya tume kwamba uliamua, ndiyo siku niliyolala usingizi. Nikasema, basi. Tumpale hakufa kwa hitilafu. Kuna mtu aliyeweka upande huu na upande huu, akapiga hesabu, akapata jibu gumu. Hesabu nazielewa. Uzembe siuelewi."

Dk. Kihwelo aligusa kiwiko cha Atuganile. Atuganile hakusogea.

"Kuna kitu kimoja tu kimenibakia," aliendelea mzee. "Tume hawakukuuliza, nami naona haya kukuuliza. Wakati ule unasema, ulijua kituo chetu kina wagonjwa?"

Hapo Atuganile aliona kile ambacho miezi minne ya kujihoji haikumwonyesha. Kama ile ilikuwa amri, basi aliamuru bila kuuliza, na hakukuwa na upande huu na upande huu, wala hesabu yoyote. Kama ilikuwa swali, basi alikumbuka wagonjwa, lakini hakuamuru kitu. Yule mtu ambaye Mwalimu Mwaisaka alikuja kumshukuru, aliyejua na kisha akaamua, hakuwemo katika jibu la kwanza wala la pili. Hilo halikuhitaji kipimo cha sauti. Lilikuwa na uhakika kamili, na ndilo jambo pekee lililokuwa nao.

"Mwalimu—"

"Wanatuita," alisema Dk. Kihwelo, akamtia mzee mkono begani kwa adabu, akamwongoza. "Mwalimu, kiti chako kile, cha mbele. Mama, jukwaani."

"Nitakujibu," Atuganile alimwambia mzee kwa sauti ya juu. "Leo hii. Mbele ya watu."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akapiga hatua, kisha akageuka. "Hicho kifungo chako kinawaka nyekundu, mwanangu. Ni urembo?"

"Ni kipaza, Mwalimu. Kimelala."

*

Mshereheshaji alikuwa na sauti kubwa na koti la kumetameta. Aliwasimamisha watu, akawakalisha, akawasimamisha tena. Alisoma heshima za Atuganile moja baada ya nyingine: ushirika wa juu wa Baraza la Wahandisi, shahada ya heshima ya udaktari, na leo, Ngao ya Nishati daraja la kwanza, ambayo hakuna mhandisi wa kusini aliyewahi kuivaa.

"Akina mama wa kanga, mpooo?"

"Tupooo!"

"Alisemaje huyu mama mchana ule?"

"Kata Lupepo!"

"Sijasikia!"

"Kata Lupepo!"

Atuganile aligeuka haraka kuitazama ramani. Lupepo iliwaka. Bila shaka iliwaka. Kinga ilisikiliza koo moja tu, la kwake, na kipaza kilikuwa kimelala. Alijisikia mjinga. Alirudisha macho mbele, akamwona Mwalimu Mwaisaka katika kiti chake, kofia juu ya goti, akiwa hajapiga kelele wala makofi.

Kulikuwa na mabadiliko ambayo Atuganile hakuyasikia. Waziri aliyekuja kuvisha nishani alikuwa na safari nyingine. Kwa hiyo Dk. Kihwelo aliamua kituo kipya kiwashwe kwanza, hotuba ifuate. Alimwandikia ujumbe Bi. Mwanakheri kwenye kibanda cha mitambo nyuma ya ukumbi: fungua sasa. Bi. Mwanakheri alikifungua kipaza. Mshereheshaji naye alikuwa na ratiba ya zamani.

"Mabibi na mabwana, kabla hajavishwa, mwenyewe aseme neno!"

Atuganile alisogea mbele. Makofi yalichukua muda kuisha. Hakuwa ameandika kitu.

"Nimeulizwa swali leo na Mwalimu Ambakisye Mwaisaka," alianza. "Amekaa pale mbele. Ni wa Kata ya Lupepo." Aliitamka "ya" kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga jiwe la kuvukia mto. "Ameniuliza kama nilijua kwamba kituo cha afya cha Kata ya Lupepo kina wagonjwa. Nimekuwa nikitafuta jibu. Nimeomba wataalamu waipime sauti yangu. Hawakulipata."

Ukumbi ulitulia, ule utulivu wa watu wasiojua wacheke au wasicheke. Dk. Kihwelo alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake. Hakuwa anamtazama Atuganile usoni. Alikuwa anatazama chini ya kidevu chake.

"Niliiambia tume kwamba niliamua. Sina hakika tena. Ninachoweza kusema kwa hakika ni hiki. Mtu aliyejua na akaamua, hakuwepo. Mwalimu, nisamehe. Ama nilijua nikawa nauliza, ama niliamua bila kujua. Mfumo huu haukuweza kutofautisha, nami siwezi, na kwa hiyo usifungwe mahali pengine popote mpaka neno hili litolewe."

"Mama!" Dk. Kihwelo aliita.

Mwalimu Mwaisaka alikuwa ameinamisha sikio mbele, kiganja nyuma yake. "Ulisemaje hasa?" aliuliza, kwa sauti ya mwalimu inayofika mwisho wa darasa. "Maneno yenyewe. Usinifupishie."

Lilikuwa ombi la haki. Atuganile alikuwa amedai jambo hilohilo kwa kila fundi aliyewahi kumletea taarifa: maneno yenyewe, kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Katika maneno yale ya Aprili hapakuwa na "ya". Kuiweka sasa kungekuwa kuyasahihisha.

"Nilisema," alijibu, na macho yake yalikuwa kwa mzee peke yake, "Kata Lupepo ina—"

Hakuona kitu. Alisikia. Kwanza sauti ya watu wengi wakivuta pumzi pamoja, kisha kicheko cha furaha kutoka upande wa kanga, kisha makofi, machache, halafu ukumbi mzima. Watu walisimama. Walidhani ni sehemu ya sherehe. Mshereheshaji, ambaye naye alidhani hivyo, aliinua mikono juu na kupaza, "Ameisema! Ameisema mbele yenu!"

Atuganile aligeuka. Kwenye ramani, juu kabisa upande wa milimani, palikuwa na tundu jeusi lenye umbo la Lupepo.

"Nyamazeni!" Alisikia sauti ya Bi. Mwanakheri ikitoka nyuma kabisa ya ukumbi, bila kipaza. "Rudisha! Mhandisi, sema 'rudisha'!"

Alisema. Alisema tena. Makofi yaliufunika mdomo wake, kama vifijo vya Aprili. Hakujua kama Kinga ilimsikia. Hakujua kama, wakati anafungua mdomo kumjibu mzee, sehemu fulani yake ilikuwa imeona uso wa Dk. Kihwelo na kuelewa alichokuwa anatazama.

Mtu mmoja tu hakuwa akipiga makofi. Mwalimu Mwaisaka alikuwa ameketi, simu mkononi, ameiweka kwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio yake. Ilikuwa inaita. Safu ya mbele walimwona, wakaacha makofi. Safu ya nyuma yao nayo ikaacha. Ukimya ulirudi nyuma safu kwa safu, mpaka ule mlio wa simu ukasikika hadi jukwaani.

"Kituo cha afya Lupepo," sauti ya mwanamke ilipokea, ikihema. "Nani?"

"Ni Mwalimu. Umeme upo?"

"Umekatika, Mwalimu," alisema muuguzi. "Sasa hivi tu."